Mafuta ya Kondoo Chini ya Rangi

Tulimzika Baba Kendi kule Kianjai siku ya manyunyu, mvua ile inayolowesha mabega bila kumfukuza mtu, na watu walipopita kuliaga jeneza niliwasikia wakinong'ona juu ya vanishi. Jeneza lilikuwa la mbao za muuru. Nilikuwa nimelisugua mwenyewe kwa msasa na kulipaka mwenyewe, chini ya turubai, palepale uwanjani kwake. Kwenye kifuniko, upande wa kichwa, palikuwa na mahali ambapo vanishi ilikuwa imekataa kulala. Ilikuwa imejivuta pembeni na kuacha vitundu vya duara, vingi, vimekaribiana, kama macho yaliyofunguka ndani ya kiganja cha mtu. "Kwani fundi alikuwa na haraka?" mama mmoja alimuuliza mwenzake. "Na huyo ndiye alimwachia gereji!" mwenzake akajibu. "Nyamaza, si ndiye huyo nyuma yako." Nikaingiza mikono kwenye mifuko ya koti na kutazama migomba. Nilikuwa nimejiandaa kwa minong'ono hiyo. Ambacho sikuwa nimejiandaa nacho ni mwanamke mwembamba mwenye leso ya kijani, aliyefika pale kwenye jeneza, akasimama muda mrefu kuliko wote, akaweka kiganja chake juu ya yale macho bila kuyagusa, kama mtu anayepima joto la sufuria, kisha akainua kichwa na kuanza kunitafuta katikati ya watu. Nilimjua kwa shingo kabla ya uso. Ilikuwa imepita miaka mingi, na bado Ciarunji alikuwa akigeuza kichwa polepole, mabega yakiwa yametulia, namna wanavyogeuka watu waliozoea kukaa ndani ya chombo kinachoweza kupinduka.

Ili mtu aelewe kwa nini niliyaacha yale macho, lazima nimrudishe kwenye mwaka ambao Ciarunji alikuja mtaa wa Dallas, Embu, akiwa ameketi juu ya lori la mchanga, kando ya boti. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili na nilikuwa mpaka rangi wa gereji ya Baba Kendi. Ilikuwa gereji ya faiba, ile plastiki ya nyuzi za kioo: tulitengeneza pua za malori, dashibodi za matatu, matangi ya maji yaliyopasuka, na mara moja tulitengeneza ubatizo wa kanisa, birika kubwa la buluu ambalo Baba Kendi aliingia ndani yake na viatu kulijaribu kama linatosha watu wazima. Upande mmoja tulipakana na kinu cha unga, na upande wa pili na chumba changu, ambacho kilikuwa chumba kimoja cha mabati chenye kitanda, jiko, na pazia la maua. Kwa sababu ya kinu tulipaka rangi asubuhi tu, kabla mashine haijaanza kunguruma, maana unga ukishapaa hewani unatua kwenye rangi mbichi na kuacha ngozi ya kuku. Baba Kendi alikuwa mtu wa Kianjai kule Tigania, mzee wa kanisa, mpana kifuani, aliyetafuna miraa kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi na kuiacha Jumapili kwa huzuni ambayo kila mtu aliiona. Mimi nilitoka Manyatta, si mbali. Wanaume waliokuja gerejini waliniuliza fundi yuko wapi huku nimeshika bunduki ya rangi mkononi, na Baba Kendi alikuwa akijibu, bila kuinua macho, "Huyo mnamuuliza ndiye huyo mnamtafuta."

Lori liliporudi nyuma hadi mlangoni, Baba Kendi alizunguka akaitazama boti, akasukuma miraa kwenye shavu la kushoto.

"Hii mmeniletea ni nini, mamba?"

"Ni boti, mzee," dereva akasema.

"Naona ni boti. Nauliza imekula nini."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke aliyekuwa juu ya mchanga alishuka akishikilia ukingo, akajifuta sketi, akasema, "Haikula. Ililiwa."

Alitueleza akiwa amesimama, kwa Kiswahili chake cha Mbeere, kizito na kisicho na haraka. Mume wake, Ireri, alikuwa akivusha watu katika moja ya yale mabwawa ya Mto Tana, kutoka ng'ambo moja kwenda sokoni ng'ambo nyingine, watoto wa shule asubuhi na mizigo mchana. Siku moja alikuwa akirudi peke yake na kiboko akaipindua boti. Boti ilipatikana kabla yake. Kando ya tumbo la boti palikuwa na mfereji mmoja mrefu wa jino la kiboko, unaoingia kidole, na mahali pengine pote mikwaruzo ya mawe, kwa sababu maji yalikuwa yameisukuma na kuisugua kwenye miamba siku nzima. Sasa ukoo ulikuwa umekaa na kuamua. Chombo kilichoua hakirudi kazini hivihivi. Kingetengenezwa, kingetakaswa, na kama kingetoka kizuri, Ciarunji angevusha watu mwenyewe. Kama hapana, shemeji yake Nyaga angeiuza, na yeye angerudi kwao na watoto wake. "Kwetu hakuna mtu," alisema. "Kuna nyumba ya kaka yangu na bibi yake." Baba Kendi alikuwa ametoa miraa mdomoni na kuificha mkononi. Akasema, "Ishusheni polepole."

Alikataa kuiacha boti peke yake, kwa hiyo akakaa kwangu. Alikuja na gunia dogo la ndengu, zile choroko za kijani, na majani makavu ya kunde, na kuanzia siku ile chumba changu kikanuka chakula cha nchi ya joto. Nilimpa kitanda akakikataa. Alitandika mkeka chini, upande wa ukuta uliopakana na gereji, na nilipoamka alfajiri nilimkuta ameweka kiganja kwenye bati, kana kwamba upande wa pili kulikuwa na ng'ombe anayeumwa. Alipika ndengu asubuhi na ndengu jioni, na Baba Kendi, aliyekuwa akila nasi mchana kwa sababu mkewe alibaki Kianjai na shamba, hakuweza kunyamaza.

"Nyinyi watu wa Mbeere, mtu akiwakata, mtatoka damu ama ndengu?"

"Ndengu," akajibu Ciarunji. "Na nyinyi watu wa Tigania mkikatwa mnatoka majani. Tena makavu."

Baba Kendi alicheka mpaka akaweka sahani chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Ciarunji akitabasamu, na tabasamu lilipotea haraka, kama mtu aliyechungulia mlangoni akakuta kuna wageni.

Tuliiweka boti kifudifudi juu ya farasi wa mbao, vile viunzi vya miguu minne vya kuwekea kazi. Tuliiosha kwa sabuni, tukaifuta kwa thina, maana faiba ni kitu chenye kumbukumbu. Mafuta yoyote yaliyo juu yake, ukianza kusugua kabla hujayatoa, unayasukuma ndani, na huko yanakaa kukusubiri. Hilo ndilo somo la kwanza Baba Kendi alilonipa, na alilitoa kila mara kana kwamba ni jipya. Siku moja saa za mchana, jua likiwa limesimama, Ciarunji aliingia chini ya boti na kuchuchumaa. Nilisikia akiniita, sauti ikitoka kama ndani ya mtungi. "Wawira. Kuja uone." Niliingia. Pale chini kulikuwa na mwanga ambao sijauona tena popote. Faiba inapitisha jua. Boti nzima ilikuwa iking'aa rangi ya chai ya maziwa, na mahali penye mikwaruzo, ambapo ngozi ya juu ilikuwa imeondoka, mwanga ulipita zaidi, hivi kwamba kila jeraha lilikuwa mstari wa nuru juu ya vichwa vyetu. Mfereji wa jino ulikuwa kama barabara. Karibu na ukingo wake kulikuwa na mistari mingine, myembamba, mifupi, imepangana, yote ikishuka upande mmoja. Nilidhani ni ya mawe. Ciarunji aliinua mkono wa kushoto na kuweka vidole sambamba nayo. "Hii si mawe," alisema. "Hii ni pete yake. Alishikilia hapa." Nilitaka kutoka. Alinishika goti, si kunizuia, ila kujishikiza. Tulikaa pale mpaka kinu kilipoanza tena na vumbi la unga likaingia kwenye ule mwanga.

Siku ya kuisugua mistari ile alimwambia Baba Kendi, "Hapo nisugue mimi." Baba Kendi alimpa msasa, akamwonyesha jinsi ya kuushika kwa kiganja kizima na si kwa ncha za vidole, kisha akaenda kusimama barabarani akijifanya anamsubiri mteja. Alisugua taratibu. Nilikuwa nikichanganya fila, ule uji mzito wa gundi ya rezini na unga wa kuzibia mashimo, upande mwingine, nikijizuia kutazama, lakini masikio hayana kope. Nilisikia msasa ukikwama, ukinyamaza, ukirudi. Alipomaliza alipitisha shavu lake pale, si mkono, akasema, "Imeisha," kwa sauti ya mtu anayeita majirani. Tukaujaza mfereji, tukasugua mpaka mkono ukipita usihisi mpaka, tukafuta. Ijumaa ilikuwa tayari. Baba Kendi aliizunguka mara ya mwisho na kusema hakuna mtu, hata malaika, aiguse hadi Jumatatu asubuhi.

Jumamosi wazee walikuja. Nyaga alikuwa mbele yao, mtu nadhifu mwenye kofia ya kitambaa, aliyezoea kusema "pole" kwanza na jambo lake baadaye. Alisema haifai boti kupita kwenye ardhi ya ukoo ikiwa bado ina kifo, kwa hiyo itatakaswa palepale ilipo. Walikuwa na kondoo dume. Mimi nilikuwa nimetumwa mjini kununua rangi, na mambo mengine niliyasikia baadaye. Baba Kendi, kwa sababu hakujua taratibu za Mbeere, alidhani watachinja na kula na kuomba, kama ambavyo angefanya yeye. Aliwapa hata kisu. Niliporudi na makopo yangu nilikuta moshi wa nyama, wazee wameketi kwenye matairi, na boti yangu inameremeta. Mzee Mbogo, aliyekuwa mkubwa wao, alikuwa ameipaka taatha, yale majani mabichi yanayotolewa tumboni mwa kondoo, toka mwanzo hadi mwisho, na juu yake akapitisha mafuta ya mkia kwa kiganja chake. Mikono yake ilikuwa iking'aa hadi kwenye viwiko. Ciarunji alikuwa amesimama kando, macho yamefumba, na uso wake, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, ulikuwa umelala. Ningesema nini? Niliweka makopo chini na kupokea ubavu niliopewa.

Walipoondoka Baba Kendi alikuja karibu na boti, akanusa, akakuna shingo. Thina ilikuwa pale kwenye rafu. Sote wawili tuliitazama. "Mimi ni mzee wa kanisa," alisema mwishowe. "Hii si dini yangu. Lakini baraka ya mtu huwezi kuifuta na thina, Wawira. Ni kama kumtemea." Basi tuliiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, taratibu, kwa heshima, kama watu wanaomwosha mgonjwa, na ilipokauka ikaonekana safi. Nimefikiria sana juu ya asubuhi ile ya Jumatatu. Tulijua. Mikono yetu ilijua. Ni adabu tu ndiyo iliyotushika. Nilivuta bunduki ya rangi, na mkondo wa kwanza ukalala vizuri, kijani kibichi ambacho Ciarunji alikuwa amekichagua mwenyewe na ambacho Baba Kendi alikiita kijani cha ndengu. Kisha nikiwa bado natazama, rangi ikaanza kufunguka. Tundu moja. Halafu matatu kando yake. Halafu boti nzima, mahali popote kiganja cha Mzee Mbogo kilipopita, ikafungua macho. Na katikati ya kila jicho ilionekana faiba tupu. Ciarunji alikuwa mlangoni na kikombe cha uji. Alikitua kikombe chini kwa uangalifu mkubwa, kama kwamba hicho ndicho kilichokuwa hatarini.

Nyaga alikuja mchana huohuo. Sijui nani alimpigia simu. Nilikuwa chumbani, na ukuta wa bati hausitiri kitu.

"Fundi, wewe ni mtu wa Mungu. Usinidanganye. Rangi imekataa ama haijakataa?"

"Imekataa."

"Basi. Umesema."

"Nimesema rangi. Sijasema ndugu yako."

"Na rangi itajuaje kukataa peke yake?"

Nikasikia mlio mdogo wa simu ikipiga picha, tena na tena, ikizunguka boti. "Pole sana," Nyaga alisema akiondoka. "Ijumaa wazee watakaa. Wataona hii." Ciarunji alikuwa ameketi kwenye mkeka, amekunja miguu, akichambua ndengu kwenye ungo. Alikuwa amesikia neno kwa neno. Aliendelea kutoa mawe na kuyatupa kwenye kopo, na kila jiwe lililia.

Jioni ile, tukila, nilimweleza. Nilisema ni mafuta. Nilimwambia habari ya rangi na mafuta, kwamba haviwezi kulala kitanda kimoja, kwamba hata alama ya kidole cha mtu aliyekula chapati inatosha kufungua jicho moja, sembuse mkia wa kondoo. Nilisema kwa haraka, kwa furaha karibu, kwa sababu nilidhani ninamletea habari njema. Alitafuna mpaka mwisho.

"Kwa hivyo wazee walipaka mafuta tu."

"Sijasema tu."

"Lakini ndiyo hiyo. Sikiza, Wawira. Nikienda niseme ni mafuta, watasema msichana wa Manyatta ametukana kondoo wetu. Baraka itakuwa imetoka. Na boti bila baraka hakuna mtoto wa mtu atapanda, hata mimi siwezi weka wangu. Nikinyamaza, basi si mafuta, ni Ireri, amekataa nishike kasia lake." Aliweka kijiko chini. "Niambie wewe umesoma rangi. Nichague gani?"

Hata leo nikilala kwenye kitanda kizuri ninaweza kulisikia swali lile. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba mtu akishajua chanzo cha jambo, jambo limekwisha. Pale kwenye mkeka nilimwona mwanamke ambaye ukweli wangu ulikuwa umemfungia mlango mmoja na imani ya watu wake imemfungia wa pili, naye amekaa katikati na sahani ya ndengu, akijaribu kuona kama kuna dirisha. Alisema jambo moja tu zaidi kabla hajajifunika. "Ireri alipenda sana mafuta ya mkia. Angekuwa hapa angelamba hiyo boti." Nilicheka. Kisha nikasikia kwamba yeye hacheki.

Asubuhi alikuwa gerejini kabla yetu. Alikuwa amechukua leso zake zote mbili na shuka langu moja, akavitandaza chini ya boti, pembe kwa pembe, na kuvikandamiza kwa mawe.

"Sugueni," alimwambia Baba Kendi. "Toeni yote. Lakini hakuna kitu itaanguka chini."

"Mama, hiyo ni vumbi."

"Najua ni vumbi."

"Na utaipeleka wapi, kaburini?"

"Ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya boti. Si mlinionyesha? Rezini ni nyepesi, mnatia unga ndio ikuwe nzito, mjaze shimo. Sasa unga ndio huu."

Baba Kendi alinitazama. Ilikuwa kweli kwamba mafuta yalikuwa yameingia kando ya fila, na ule mfereji wa jino ulikuwa lazima uchimbwe tena na kujazwa upya. Ilikuwa kweli pia kwamba mtu anaweza kukoleza rezini kwa vumbi la faiba. Alichezea mswaki wake wa miraa.

"Iko na mafuta, mama. Haitashika vizuri."

"Ishike vibaya," akasema Ciarunji.

Tulisugua siku nzima na siku iliyofuata. Lilikuwa vumbi la kijani na kijivu, zito, lenye harufu ya zizi na ya duka la dawa, likinata kwenye msasa hivi kwamba tulibadilisha kipande baada ya kipande, naye akavikung'uta vile vipande vyote kwenye leso. Alitufuata kwa magoti. Tulipofuta kwa thina, na safari hii tulifuta bila kuomba radhi, vitambaa vilibaki kwake. Kisha akanipa unga wake kwenye kikombe, nami nikauchanganya na rezini, na Baba Kendi akaushindilia ndani ya mfereji wa jino la kiboko, kutoka mwanzo hadi pale alipokuwa ameshika Ireri. Ulikuwa mweusi kidogo kuliko fila ya kawaida. Ulichukua muda mrefu kukauka, na kila baada ya kazi nyingine Baba Kendi alienda kuubonyeza kwa ukucha na kutikisa kichwa.

Ijumaa wazee hawakukaa kwao. Walikuja kukaa kwetu, kwa sababu Ciarunji alikuwa amewatumia ujumbe kwamba kabla hawajasema wafike waone. Boti ilikuwa tupu, kijivu, imesuguliwa, na kovu moja jeusi. Mzee Mbogo alikuwa amekasirishwa na safari, tena na unga uliokuwa ukiingia masikioni mwake kutoka kinuni. Hakusalimia mtu. Alisema, "Mafuta yangu yako wapi?"

Nilimwona Baba Kendi akishika ukingo wa meza.

"Yako hapa, mzee," Ciarunji alisema, na akaweka kidole kwenye lile kovu. "Ulipaka juu. Juu, maji yangeyaosha siku ya kwanza. Nimeyaweka ndani. Hakuna hata kidogo imeanguka, uliza hawa."

Mzee aliinama. Alipitisha kiganja juu ya kovu, polepole, kisha akasogeza pua na kunusa, na rezini ikampiga akapiga chafya ambayo ilimtoa kofia.

"Inanuka kama duka la viatu," alisema.

Wazee wawili walicheka. Nyaga hakucheka. Alitoa simu. "Lakini macho, mzee. Picha uliiona."

"Niliona picha." Alikuwa akiipangusa kofia yake. "Sasa ninaona boti." Aliizunguka, akaigonga mahali fulani, akasikiliza, kisha akaketi kwenye tairi lilelile la Jumamosi. "Paka," alinielekezea kidevu. "Nikae nione. Ikikataa mbele yangu, imekataa. Ikikubali, hakuna mtu aniletee tena simu."

Ilikuwa saa ambayo hatukupaka rangi kamwe. Baba Kendi alienda mwenyewe kwa mwenye kinu, na sijui alimwambia nini au alimpa nini, ila mashine ilizimwa, na ukimya ukaingia gerejini kama mtu. Niliegemeza kiwiko ubavuni. Nilivuta mkondo wa kwanza, wa pili, nikifuata tumbo la boti, na sikuwa nikitazama mahali ninapopaka bali mahali nilipotoka kupaka, nikisubiri tundu. Ciarunji alikuwa ametugeuzia mgongo. Alitazama barabara. Nilifika kwenye kovu. Rangi ikalala juu yake, ikatulia, ikasita kidogo pembeni, nami nikasita nayo, na moyo wangu wote wa ule mwaka ulikuwa pale, kwenye upana wa kidole. Ikakaa. Iling'aa mbichi na nzima, na paa la gereji likaonekana ndani yake. Mzee Mbogo aliinuka, akauliza kama kuna chochote kilichobaki cha kula, akaambiwa kuna ndengu, akasema ndengu atakula kwake. Ndipo Ciarunji akageuka.

Aliondoka na boti yake juu ya lori lilelile, na nilibaki na chumba kilichokuwa kikubwa ghafla. Aliniachia ndengu zilizobaki na shuka langu, ambalo halikurudi kuwa jeupe. Nilizipata habari zake kwa vipande, kupitia madereva, kisha vipande vikaisha, kama inavyokuwa.

Kwa hiyo pale Kianjai, baada ya udongo kurudishwa na wimbo wa mwisho kuimbwa, mimi na Ciarunji tulichukua sahani zetu za mukimo na nyama tukaenda kukaa kwenye gogo nyuma ya jikoni, mahali ambapo wanaume walikuwa wakitafuna miraa ya Baba Kendi kwa niaba yake. Aliniambia kwamba wiki ya kwanza alivuka na boti tupu, kwenda na kurudi, watu wakimtazama kutoka ufukoni. Wa kwanza kupanda alikuwa bibi mmoja na kuku wake, ambaye alisema yeye ameshazeeka, kiboko atampata mgumu.

"Na Nyaga?"

"Bibi yake alishikwa na uchungu wa kuzaa, mvua imekata barabara. Akapanda."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Alipiga kasia."

Alikula kidogo. Kisha akasema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, "Pale pa unga panavuja."

Nilihisi damu ikipanda usoni, ile aibu ya fundi ambayo haizeeki. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka ule wa kwanza. Si nyingi. Kikombe kimoja kila asubuhi."

"Ciarunji! Si ungeniletea nizibe! Ni kazi ya siku moja."

"Ndiyo maana sikuleta." Alikuwa akitenganisha mafuta na nyama kwa kidole gumba. "Asubuhi nikifika nakuta ameniwekea hicho kikombe. Nakichota, namwaga, namwambia watoto wameamka aje. Ukiziba, nitasimama hapo nikifanya nini?"

Mvua ilikuwa imeacha. Ndani ya jikoni Mama Kendi alikuwa akiwaambia watu wakae, waongezwe, nyama ipo. Ciarunji alielekeza kidevu huko.

"Ule mkono kwa jeneza ni wake?"

"Ni wake. Alitoka kukata nyama ya wageni, akaja akasimama, akaweka mkono. Hakujua. Nilikuwa nimebakiza kupaka tu."

"Na thina ulikuwa nayo."

"Kitambaa kilikuwa mkononi."

Alipoaga alinishika mkono kwa vidole vyake vyenye mafuta ya nyama, akaushika kwa muda mrefu, akaenda kutafuta gari la kumshusha. Nilifika Embu jioni nikapitia gerejini kwanza. Kulikuwa na pua ya lori juu ya farasi wa mbao, imesuguliwa, imefutwa, inasubiri asubuhi. Nilisimama mbali nayo, mikono yenye yale mafuta ya nyama nimeiweka nyuma, kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa. Bomba la maji lilikuwa palepale mlangoni. Nikafunga gereji, nikaenda kulala bila kunawa.